Pumu Yaenda Harusini

Mwanaume akishikilia jambo kichwani, mwache nalo. Akilishikilia huku amekaa juu ya pikipiki, na wewe uko nyuma yake, hapo tafuta pa kushika. Mwanawetu alishika mkanda wa mumewe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakumbatia kapu lenye jogoo mzima, doti mbili za kanga na sinia jipya. Wakatoka Mkotokuyana saa kumi na mbili asubuhi, Bwanali akiwa ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa mara mbili. Mwanawetu alikuwa amemshauri aiweke kanzu kwenye kapu, aivae wakifika. Bwanali akamuuliza kama anataka baba wa bibi harusi aingie shughulini akinuka jogoo.

Majirani walitoka nje kuangalia. Pikipiki ile walikwisha kuipa jina la Pumu zamani, kwa namna ilivyopumua ikipanda mlima. Ilikuwa ya Kijapani, ya miaka ile ambayo pikipiki kijijini ilikuwa ya bwana shamba au ya padri. Bwanali aliinunua kwenye mnada wa mradi wa kilimo uliofungwa, na ameifungua na kuifunga mara nyingi kiasi kwamba kama injini ingekuwa na mimba yeye ndiye angekuwa wa kwanza kujua. Vijana wa bodaboda walimshauri aiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yeye aliwajibu kwamba pikipiki zao zitafika kwa wanunuzi hao kabla ya yake, na kwa mbili tatu kati ya hizo hayo yalikuwa tayari yametimia.

Safari yenyewe haikuwa ya mzaha. Siku hiyo, baada ya swala ya adhuhuri, binti yake Munira alikuwa anaolewa huko Nambilanje. Munira ni mtoto wa mke wa kwanza, Nasma. Wazazi walipoachana, mtoto akiwa na miaka mitano, Bwanali mwenyewe ndiye aliyewapeleka mama na mwana kwao Nambilanje, mtoto akiwa amekaa juu ya tangi la Pumu ileile. Tangu hapo alilelewa na mjomba wake, Halfani. Kwa watu wa huku hilo si la ajabu. Mtoto ni wa kwa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti. Halfani alimsomesha, alimtibu, alisimamia unyago wake, na barua ya posa ilipokuja ilikwenda mikononi mwake. Baba alibakiwa na kitu kimoja tu, nacho ni cha dini, si cha mila: yeye ndiye walii. Sheikh akiuliza nani anamwozesha binti huyu, wa kujibu ni Bwanali.

Hata hicho Halfani alikuwa amekiomba. Wiki moja kabla alipiga simu, akasema njia ni ndefu na shemeji umri umekwenda, basi ampe uwakala wa kuozesha kwa simu, mashahidi wasikie, yaishe. Bwanali alikata simu bila kuaga, jambo ambalo Mwanawetu hakupata kumwona akilifanya.

"Kachukua shule, kachukua unyago, kachukua posa," alimwambia mkewe siku ile. "Limebaki neno moja. Nalo anataka nimrushie kama vocha."

Mwanawetu akarudi kwenye chungu chake. Ila wiki nzima alfajiri, akiamka kufagia, alimsikia mumewe huko nyuma ya nyumba akizungumza na mikorosho. "Nimekuozesha binti yangu Munira," alikuwa akiuambia mkorosho wa kwanza, kwa sauti ya taratibu. Kisha anakohoa, anarekebisha sauti, anauambia wa pili. Mwanawetu alicheka peke yake mpaka ufagio ukamdondoka, halafu ghafla kicheko kikamwisha, akamwonea mumewe huruma.

&nbsp;

Cheni ilichomoka kabla hawajafika Nachingwea mjini. Bwanali alishuka, akauma pindo la kanzu kwa meno ili lisiguse chini, akairudisha cheni kwa kijiti. Ukimsalimia mtu aliyeuma kanzu hawezi kukuitikia, na njia ile asubuhi hupitwa na watu wengi. Walimsalimia, akawaitikia kwa kichwa, nao wakaenda zao wakiguna kwamba mzee yule ana maringo.

Walipopita Nachingwea plagi ikaingia uchafu. Akaifungua, akaisugua kwa kipande cha msasa alichokitoa mfukoni kama mtu anayetoa kitambulisho, akairudisha. Wakaenda. Ikaingia uchafu tena. Kijana mmoja wa bodaboda mwenye miwani ya jua akapunguza mwendo akawa sambamba nao, akautazama moshi unaotoka nyuma.

"Mzee, hiyo chuma unaendesha au unapikia?" aliuliza.

"Napikia. Ukioa utakuja kula," Bwanali alijibu, na kijana akacheka akafungua mafuta, akawaachia vumbi lote.

Pamoja na hayo, ukweli usemwe, Mwanawetu alikuwa na raha. Mwaka mzima alikuwa hajatoka kijijini. Walisimama wakanunua mihogo ya kukaanga, wakala wamekaa ukingoni mwa barabara wakipitwa na magari, na Bwanali akamchagulia vipande visivyoungua. Kilichomkaa rohoni ni kimoja tu: alikuwa hajawahi kukanyaga kwa akina Nasma. Aliwaza jinsi wanawake wa kule watakavyompima kuanzia kilemba mpaka kandambili, waone ndiye huyu aliyekuja baada ya ndugu yao. Kila Pumu ilipozima, moyo wake wa siri ulipumzika kidogo, na ilipowaka, ukaanza tena kudunda.

Ruangwa mjini waliingia saa tano na robo wakiwa wameshaziba pancha moja. Mafuta ya tangini yalikuwa yanakaribia kwisha. Nyuma, juu ya keria, walikuwa wamefunga galoni la lita tano la akiba kutoka nyumbani. Bwanali alikuwa anaanza kulifungua ndipo simu ikaita, naye akaenda kando kuzungumza na Halfani, akimwonyesha mkewe kwa kidole amimine yeye. Mwanawetu akamimina. Mafuta yalishuka meupe, maangavu, kama maji ya kisima. Aliyatazama, akakumbuka kwamba mafuta ya galoni lile siku zote yana rangi kama ya chai ya rangi. Akanusa. Yalinuka petroli. Basi akafunga kifuniko na kujiambia petroli ni petroli.

&nbsp;

Njia ya Malolo, saa saba kamili, Pumu ilitoa mlio ambao haikuwahi kuutoa. Haikukohoa. Ilipiga kelele nyembamba kama bati linalokwaruzwa, gurudumu la nyuma likakaza, wakaburuzika hatua kumi na kusimama. Jogoo akawika kapuni. Bwanali akapiga kiki, kiki haikushuka. Akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, kanzu imepanda mpaka magotini, na kiki ikambeba kama ngazi.

"Imenoki," alisema, akakaa chini.

Mwanawetu hakuwahi kumwona mumewe akikaa chini kwenye mchanga na kanzu. Bwanali alianza kumlaani mtu wa kituo cha mafuta alikojazia galoni, akasema lazima kachanganya maji, watu wa siku hizi hawamwogopi Mungu, akirudi atakwenda kumshika shati. Aliendelea hivyo kwa muda, kisha laana zikamwishia. Simu ikaita.

Halfani alizungumza kwa sauti kubwa kiasi kwamba Mwanawetu alisikia kila neno. Watu wamekwisha kuswali. Bwana harusi, Mwalimu Dotto, ndugu zake wametoka Tabora, wamesafiri siku mbili na wamefika tangu jana, na baba wa binti anayetoka Nachingwea hapo bado hajaonekana. Sheikh Amiri ana ndoa nyingine alasiri. "Watu wananiuliza, shemeji, na mimi sina la kuwajibu. Toa uwakala tuwasitiri wageni. Mbele ya Mungu ni sawasawa."

"Nipe dakika kumi," Bwanali alisema.

Akaiweka simu juu ya goti. Uso wake ulikuwa na vumbi, na jasho limechora mistari. Midomo yake ikawa inacheza polepole, na Mwanawetu akajua anachokisema, maana alikwisha kukisikia alfajiri saba. Anaiaga ile sentensi.

"Nitamwambia ndiyo," Bwanali alisema. "Mtoto asiaibike kwa ajili yangu na chuma hiki."

Hiyo ilikuwa njia nyepesi kabisa kwa Mwanawetu. Neno lingesemwa kwa simu, wao wangetafuta lori la kuwarudisha, na Nasma angebaki Nambilanje na dada zake wote wenye macho ya kupima. Alitakiwa anyamaze tu. Lakini alimtazama mtu wake pale chini, mkubwa hivyo na mdogo hivyo, na moyo ukamkataa.

"Usimwambie kitu," alisema. "Baba Anuari, hakuna mtu aliyetia maji. Ni mimi."

Akamweleza. Juzi jirani yao Hemedy alikuwa anapulizia mikorosho yake, mashine ikaishiwa mafuta na dawa alishaimimina. Akaja kuomba, na Bwanali hakuwepo. Mwanawetu akampa mafuta yote ya galoni, kwa kuwa jirani ni jirani. Jana akamtuma mtoto wao Anuari kununua petroli mpya kwa kijana wa bodaboda, akajaza galoni lilelile mpaka alama ileile, akaona hamna haja ya kusema.

Bwanali aligeuka kulitazama galoni.

"Petroli tupu? Hukuchanganya oili?"

"Nilijua petroli ni petroli. Zile za vijana hawachanganyi kitu."

"Zile za vijana zina oili yake yenyewe huko chini. Hii inainywa pamoja na mafuta, kama mashine ya kupulizia. Ukiinyima, chuma kinalambana na chuma." Alisema hayo polepole, na kadiri alivyosema ndivyo alivyokuwa akisimama. Akaigusa injini kwa ncha ya kidole, akakirudisha kidole haraka. Halafu Mwanawetu akaona meno yake. "Na mimi namtukana mtu wa watu muda wote huu. Mama Anuari, haijafa hii. Imekauka koo tu. Ikipoa na ikipata oili, inaamka."

Oili ya kuchanganya ingepatikana wapi porini, hilo lilikuwa swali jingine. Ila ilikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba kusini hakuna asiyepulizia. Walitega masikio. Kutoka upande wa kushoto, ndani ya mikorosho, ukasikika mlio wa mashine, ule mwembamba wa kulalamika ambao ukiufungia macho utasema ni Pumu yenyewe inapanda mlima.

Bwanali akaizima simu bila kumjibu Halfani. Huenda hilo halikuwa jambo la adabu.

&nbsp;

Mwenye mashine aliitwa Bakary, mzee wa Kimwera aliyejifunga shuka usoni, yeye na nguo zake rangi moja ya manjano kwa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Alisikiliza habari yote akiwa na mashine mgongoni bila kuizima, ikawabidi wamsimulie kwa kupayuka. Aliposikia neno walii akaizima.

"Sasa nyie nnasimama kufanya nini?" alisema. "Njooni."

Alikuwa na nusu chupa ya oili nyumbani kwake, hatua mia mbili tu. Akaja nayo mpaka barabarani, mafuta ya tangini yakashushwa kwenye galoni, akapima oili mwenyewe kwa kifuniko, akalitikisa galoni kama mtu anayetikisa mtindi, akayarudisha tangini, na kwa kuwa injini ilikuwa bado ya moto akaifunika kwa shuka yake aliyoilowesha maji. Bwanali alipoingiza mkono mfukoni, Bakary akamuuliza kama kwao watu huuziwa mafuta wakienda kuozesha.

Ilikuwa bahati mbaya tu kwamba Bakary, kwa ukarimu, aliona asiwaache hivihivi. Akasema kabla hawajapiga kiki aiwashe kwanza mashine yake, waisikilize, waje kuufananisha mlio wake na wa Pumu. Akavuta kamba, mashine ikanguruma, akasahau kwamba bomba lilikuwa limewaelekea na dawa ilikuwa bado imo. Upepo ukamaliza kazi. Wingu lilipotulia, Bwanali, Mwanawetu, kapu, jogoo na ile kanzu iliyopigwa pasi mara mbili vilikuwa vya manjano vyote, na Bakary amesimama amejishika kichwa.

Mwanawetu alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na Bwanali akajikuta anacheka, akipiga chafya na kucheka. Akapiga kiki. Ilishuka kwa uzito, ikagoma, ikashuka. Mara ya saba Pumu ikakohoa, na hakuna mtu aliyewahi kufurahia kikohozi kama wao.

&nbsp;

Nambilanje waliwasikia kabla hawajawaona. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Wanawake walianza vigelegele, na pikipiki ilipotokea kwenye kona vigelegele vikakatika katikati, maana waliona watu wawili wa manjano na jogoo wa manjano.

Mtu mmoja mwembamba alikuwa amesimama peke yake barabarani, kwenye jua, mbali kidogo na wengine. Mwanawetu, kwa jinsi alivyomsikia akitajwa, alimtarajia Halfani mtu wa tumbo na fimbo. Huyu alikuwa na shingo ndefu na kanzu mpya yenye tarizi kifuani, iliyokuwa fupi kidogo miguuni. Alimtazama shemeji yake kuanzia juu mpaka chini, hakusema neno la kuchelewa wala la simu iliyozimwa. Aliivua ile kanzu palepale barabarani, akabaki na singlendi na msuli.

"Vaa, shemeji. Sheikh asije akadhani tunaozesha mkorosho."

Bwanali alitaka kukataa. Halfani akamvisha kama anavyovishwa mtoto, akatangulia.

Mwanawetu alichukuliwa uani na wanawake. Aliyemletea maji ni Nasma mwenyewe, akamshika uso na kuanza kumfuta salfa masikioni kwa pembe ya kanga yake, akimuuliza kama barabarani walikula. Mwanawetu alijibu kwamba walikula mihogo. Hofu yote aliyokuja nayo kutoka Mkotokuyana iliishia hapo, kwenye beseni la maji ya manjano, na alijisikia mjinga kidogo na mwenye raha sana.

Wakasogea dirishani kusikiliza. Barazani Sheikh Amiri alikuwa na sahani tupu mbele yake, na inasemekana ilikuwa ya pili, maana Halfani hakuwa na njia nyingine ya kumchelewesha.

"Alhamdulillahi walii umefika," sheikh alisema. "Ulipozima simu, ndugu wa bwana harusi walisema mjomba aozeshe, yeye ndiye mlezi. Nikaona lina njia. Mjomba amekataa mara tatu mbele ya watu hawa. Anasema yeye ni mjomba tu, baba yuko njiani. Sasa tuendelee. Nani anamwozesha binti huyu?"

"Mimi," Bwanali alisema.

Mwanawetu alimbana Nasma mkono bila kujua. Alingoja ile sentensi ya kwenye mikorosho. Haikuja. Alimwona mumewe, ndani ya kanzu fupi ya mtu mwingine, anageuza kichwa na kutafuta kwa macho, anawapita wageni wa Tabora, anawapita wazee, mpaka mlangoni kabisa. Pale Halfani alikuwa amejibanza nyuma ya watu, kwa aibu ya kukaa mbele na singlendi.

"Mimi ndiye walii," Bwanali alisema tena, kwa ile sauti ya taratibu. "Na mbele yenu nyote nimempa uwakala mjomba wake, Halfani, amwozeshe kwa niaba yangu. Mpisheni aje mbele."

Vichwa vyote viligeuka mlangoni. Kisha mzee mmoja wa upande wa Tabora akavua koti lake, likapitishwa mkono kwa mkono mpaka mlangoni, na Halfani akaja mbele amelivaa juu ya msuli, mikono imemezwa. Alipoulizwa, alifungua mdomo mara mbili bila sauti. Mara ya tatu neno likatoka, likiwa limevunjikavunjika, lakini lilitoka lote. Uani, Nasma alikuwa analia waziwazi, na Mwanawetu akawa sasa ndiye mwenye kumfuta yeye.

&nbsp;

Waliondoka kesho yake asubuhi. Halfani alikuwa ameshachanganya mafuta mwenyewe, na Mwanawetu alilifungua galoni akayatazama rangi kabla hajakubali kupanda. Munira alikuja kuwaaga, akaweka kiganja juu ya tangi la Pumu pale alipokaa zamani, akauliza kama bado linaunguza mapaja. Baba yake akamwambia siku hizi linaunguza zaidi.

Walipokwisha kuipita njia ya kwa Bakary, Mwanawetu aliona hawezi tena kuvumilia. Akainama sikioni kwa mumewe.

"Baba Anuari. Umepigwa jua siku nzima, umenoki, umepuliziwa dawa kama mti. Kumbe ulikuwa unakwenda kumpa mtu kitu kilekile ulichomnyima kwenye simu?"

Bwanali alipunguza mafuta ili asikike. Alikuwa bado na kanzu ya Halfani, Halfani mwenyewe alikataa kuipokea.

"Kwenye simu alikuwa ananichukulia," alisema. "Pale nimempa mimi."

Pumu ikakohoa, ikaukamata mlima. Mwanawetu akamshika mumewe kiunoni kwa mikono yote miwili, maana safari hii kapu lilikuwa tupu.